MISTARI KUMI KWA SIKU

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio katika maisha. Niliisoma mara mbili, nikacheka. Mimi nilikuwa bwana shamba kwa miaka 38. Nimestaafu, na mali yangu ni nyumba moja, mikorosho mia na ishirini, na baiskeli ambayo wajukuu wamekwisha kuing'oa breki. Mtu wa namna hiyo akisimama kufundisha mafanikio, watoto watamcheka, na watakuwa na haki. Kwa hiyo nilimwandikia Katibu kumwomba anibadilishie mada. Nilimwambia kwamba liko jambo moja ambalo lilinishinda kwa miaka ishirini, kisha nikaliweza, na hilo ningeweza kulisema bila aibu. Jambo lenyewe ni kuandika.

Sisemi kuandika kwa ufundi wa malenga. Nasema kuandika mpaka ukamaliza kile ulichokusudia kuandika. Wengi wetu humu ndani tuna kitu tulichokusudia kuandika. Mmoja anataka kuandika maisha yake, mwingine habari za kijiji chake, mwingine barua kwa ndugu aliyekosana naye. Na wengi wetu tunasema hivi: "Nikipata nafasi." Leo nataka kuzungumza juu ya hayo maneno mawili, maana yamenigharimu sana.

Daftari la kurasa tatu

Ninyi mnaotoka Newala, na Masasi pia, mnajua mjomba ni nani kwetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Baba ni baba, lakini mwenye kujua wewe ni nani na umetoka wapi ni mjomba. Mimi nilikuwa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekaa upande wa Newala, pale uwanda unapokatika na macho yakateremka mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

Mjomba huyo hakujua mwaka aliozaliwa. Alisema kwamba alikuwa mtoto wa kufukuza ndege shambani wakati Wareno walipovuka Ruvuma wakaishika Newala, na Wajerumani wakaja kuwafukuza. Hiyo ilikuwa mwaka 1916. Alikuwa hakusoma, lakini kichwa chake kilikuwa bohari. Alijua majina ya wakubwa wa ukoo wetu kwa kufuatana. Alijua walivuka Ruvuma mahali gani, walilala wapi, nani alifyeka msitu wa kwanza, na kwa nini mji ulihama mara tatu. Alijua njia zote za kuteremkia majini, kila njia na jina lake, na kila jina na sababu yake.

Mwaka 1986 nilikwenda kwake likizo. Nilikuwa kijana mwenye kazi ya serikali, nina kalamu mfukoni. Akaniambia: "Mpwa wangu, wewe umesoma. Haya yaandike, maana hawa wengine hawakai chini." Nikaenda dukani nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Jioni ile tukakaa chini ya mwembe, akasema, nikaandika. Nikajaza kurasa tatu. Kesho yake kulikuwa na wageni. Kesho kutwa gari lilikuwa linaondoka. Nikamwambia: "Mjomba, nikija likizo ijayo nitakaa mwezi mzima, tutamaliza."

Ndugu zangu, likizo hiyo sikuipata kwa miaka kumi na miwili. Si kwamba sikwenda likizo. Nilikwenda. Lakini mara nilikuwa na msiba wa upande wa mke wangu, mara nilikuwa najenga, mara nilikwenda Newala nikakaa siku mbili tu nikitaka kusalimia. Mjomba alinipelekea salamu kwa watu wa magari: "Mwambieni aje na lile daftari." Mimi nikajibu kwamba nakuja, napenda kuja na nafasi ya kutosha.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 nilikuwa kazini Tunduru. Mnakumbuka zile mvua za El Niño. Barabara zilikatika, madaraja yalikwenda na maji. Habari ya kifo cha mjomba ilinifikia imechelewa, na mimi mwenyewe nilifika Newala siku ya tano, nimelala njiani mara mbili. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Nilikuta wazee wamekaa barazani wanabishana. Walitaka kumpa mtoto mchanga jina la mmoja wa wakubwa wa zamani, na hakuna aliyekuwa na hakika ni nani alimzaa nani. Wakaniona naingia. Mama yangu mkubwa akasema: "Huyo hapo amekuja. Yeye aliandika."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kurasa tatu. Nilizileta, nikazisoma mbele yao, nikafika mwisho wa ukurasa wa tatu, na pale katikati ya sentensi maneno yakakoma. Wazee hawakunilaumu. Walitikisa vichwa tu wakaendelea kubishana. Ningependa zaidi kama wangenilaumu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Kilichokosekana ni kuliandika.

Makosa yangu baada ya hapo

Baada ya matanga niliapa. Nikasema nitakusanya kilichobaki kwa mama mkubwa na kwa wazee wengine kabla nao hawajaondoka, nami nitaandika kitabu cha ukoo wetu. Na hapa ndipo nataka wanafunzi wasikilize vizuri, maana mtu akiapa hudhani kwamba kazi imekwisha kuanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kufanya makubwa. Nilipanga kuandika sura nzima kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza niliandika kweli. Ya pili kulikuwa na mkutano wa chama cha msingi. Ya tatu ilikuwa harusi. Ya nne nilikaa mezani, nikaona nina deni la sura mbili, nikachoka kabla ya kuanza. Mwezi wa pili mpango ulikufa.

Kosa la pili lilikuwa kutegemea usiku. Nilisema nitaandika saa mbili kila siku baada ya kula. Lakini usiku ni wa watu. Jirani anakuja kusema habari ya mpaka wa shamba, mafuta ya taa yamekwisha, mtoto ana homa, na mwenyewe umetembea mashambani tangu asubuhi. Mtu anayeipa kazi yake saa ya uchovu hana haki ya kushangaa ikilala.

Kosa la tatu lilikuwa kungoja hamu. Nilifikiri kwamba mwandishi ni mtu ambaye maneno humjia, naye akimbie kutafuta kalamu. Kwa hiyo siku ambazo hayakuja nilijisamehe. Nilijisamehe hivyo kwa miaka minane.

Njia ya maji

Mwisho wa mwaka 2006 nilikwenda kumtazama mama mkubwa. Nikamlalamikia kwamba kazi hainipi nafasi. Yule bibi alicheka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, zamani maji tulikuwa tunayachota lini?"

Nyie vijana mmekuta mabomba, ingawa mnajua jinsi yanavyokauka. Juu ya uwanda wa Makonde mvua inanyesha, lakini mchanga unaimeza yote. Hakuna mto, hakuna kisima cha kuchimba kwa jembe. Mradi wa Maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bonde la Kitangari kuyapandisha juu, ulijengwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo mama zetu walishuka mteremko kwa miguu mpaka chemchemi zilizo bondeni, wakajaza mitungi, wakapanda nayo kichwani. Waliondoka alfajiri ya mapema. Kwenda na kurudi kulikula nusu ya siku, na maji yenyewe yalikuwa mtungi mmoja.

Mama mkubwa akasema: "Hatukuyachota siku tuliyopata nafasi. Wala hatukuulizana nani ana hamu. Kulikucha, tukashuka. Na hakuna mwanamke aliyeleta maji ya mwezi mzima kwa siku moja."

Nimesoma vyuo viwili vya kilimo, na nimehudhuria semina nyingi zenye chakula kizuri. Sijapata somo lililonisaidia kuliko hilo. Hawa mama walikuwa na mambo manne ambayo mimi sikuwa nayo. Walikuwa na saa yake. Walikuwa na njia yake. Walikuwa na kiasi kinachobebeka. Na aliyeumwa leo, kesho alishuka tena, hakusema kwamba kwa kuwa jana sikwenda basi nimeacha maji.

Nikarudi nyumbani nikayapanga mambo yangu hivyo hivyo. Mimi kila asubuhi hunywa chai kabla ya kwenda shamba. Hata nikigombana na mke wangu, chai hunywa. Kwa hiyo niliweka sheria moja: chupa ya chai ikishawekwa mezani, sifungui mpaka nimeandika mistari kumi. Daftari likakaa pale pale mezani, kalamu ndani yake, lisipelekwe chumbani. Mistari kumi tu. Siku ambayo maneno yalikuja mengi niliandika ishirini, lakini sikujiongezea deni. Kesho yake ilikuwa ni kumi tena. Na ukutani nilitundika kalenda ya bure ya duka la pembejeo, nikawa natia alama ya mkasi kila siku niliyoandika.

Sasa, wanafunzi, fanyeni hesabu. Mistari kumi kwa siku, tuseme siku 300 kwa mwaka, kwa sababu kuna siku za homa na misiba. Hiyo ni mistari 3,000. Daftari la kawaida lina mistari kama 30 kwa ukurasa. Kwa hiyo ni kurasa 100 kwa mwaka, na hujaiba saa hata moja ya kazi ya serikali. Mtu aliyeandika kurasa tatu kwa miaka ishirini aliandika kurasa 100 kwa mwaka mmoja, kwa sababu ya chai.

Kwa nini inafaa hivyo? Nitawapa mfano wa kazi yangu. Mnajua ugonjwa wa ubwiri unga unaoshika maua ya mikorosho. Dawa yake ya siku nyingi ni salfa. Mkulima anatakiwa kupuliza mikorosho inapoanza kutoa maua, kisha arudie baada ya wiki mbili au tatu, na arudie tena. Nimeona watu wenye haraka. Anachukua salfa yote ya msimu, anaimwaga kwa siku moja mpaka shamba linakuwa la njano, kisha anakwenda zake mjini. Maua yanayotoka baada ya hapo hayana kinga, na ugonjwa unayala. Mwenzake mwenye salfa kidogo, lakini anayeshika siku zake, anavuna. Mimi na sura zangu za Jumamosi nilikuwa yule mwenye haraka.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kufanya kila siku na kulifunga kwenye jambo la kawaida la siku yake, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Walitaka kujua tendo huchukua muda gani mpaka mtu alifanye bila kujisukuma. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini mwepesi wao alichukua siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji siku 254. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba tabia hujengeka kwa wiki tatu, usimwamini sana, na wewe ukifika mwezi wa tatu bado unajisukuma, usidhani kwamba una kasoro. Na waliona jambo jingine la kutufariji: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni kukosa siku moja na kuifanya iwe sababu ya kukosa mwezi.

Mimi mwenyewe mwaka 2009 huo huo nilikosa wiki saba. Ulikuwa msimu wa korosho, kisha nikapata malaria. Kalenda ikawa nyeupe kama uwanja wa mpira wakati wa likizo. Zamani ningeacha. Safari hii nilikumbuka mtungi, nikafungua daftari, nikaandika mstari mmoja: "Nilikuwa naumwa." Kisha nikaandika tisa vingine. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba kitabu kitaisha.

Waliotutangulia

Msidhani kwamba nawafundisha jambo jipya. Wako watu waliotutangulia.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakaanzisha kijiji cha misheni chini ya majabali yale tunayoyaona. Mmoja wa wamisheni wa hapo, Chauncy Maples, ilipofika mwaka 1879 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha maelezo ya lugha ya Kimakua. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Mengi tunayoyajua ya miaka ile tunayajua kwa sababu watu wa misheni waliandika barua na vitabu vya siku, hata katika vurugu.

Mwaka 1906 alikuja Mjerumani jina lake Karl Weule. Alikaa Masasi na Newala miezi michache tu. Mwaka 1908 kitabu chake kikatoka Leipzig. Sura zake zimeandikwa kama barua, kila moja na mahali na tarehe yake: huku Masasi, huku Newala. Yamo mambo ya jando na unyago, ya kufinyanga vyungu, ya nyimbo, na yamo maneno ya dharau ambayo yanaudhi kuyasoma. Lakini nawaulizeni. Mgeni asiyejua lugha zetu alikaa miezi akaondoka na kitabu. Mimi niliyezaliwa pale nilikaa miaka na kurasa tatu. Nani wa kulaumiwa ikiwa mjukuu wangu anajifunza habari za babu zake kwa maneno ya mgeni?

Tazameni na wenzetu wa nchi hii. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, kwanza katika forodha, baadaye katika ofisi nyingine, karibu maisha yake yote ya kazi. Vitabu vyake aliviandika akiwa na kazi ya mshahara ya kila siku. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye matatizo ya kila aina. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Nani kati yetu atasema kwamba ana shughuli kuliko Mwalimu?

Yuko pia mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Yeye alitaka vijana wasisahau mila za Wakerewe, akaandika hadithi ndefu juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa mwaka 1980, yaani miaka 35 baadaye, na mwaka 1981 akafariki. Mimi huwa namkumbuka mzee huyo ninaposikia kijana anasema haandiki kwa sababu hakuna mchapaji. Kuchapwa hakukuwa mikononi mwa Kitereza. Kuandika kulikuwa mikononi mwake, naye alikumaliza.

Na karibu zaidi na sisi ni mwana wa Lupaso, Masasi hii hii, Mzee Benjamin Mkapa. Alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa waziri, balozi na Rais. Kitabu cha maisha yake kilizinduliwa tarehe 12 Novemba 2019, siku alipotimiza miaka 81. Alifariki tarehe 24 Julai 2020. Hesabuni wenyewe: ni kama miezi minane. Laiti naye angesema "nikipata nafasi", tungebaki tunabishana barazani.

Kwa wanafunzi

Sasa naomba niseme na ninyi mlioko nyuma. Sikusudii kila mmoja wenu awe mwandishi wa vitabu. Lakini kila mmoja ana lengo linalopita kwenye kalamu. Yuko anayetaka kuandika insha vizuri mtihani wa kidato cha nne usimtishe. Yuko anayetaka kutunga mashairi. Yuko anayetaka tu kuweka kumbukumbu za siku zake. Ninawapa maneno manne, na mkitaka yaandikeni.

Kwanza, chagua kiasi ambacho hata siku mbaya utakiweza. Kama mistari kumi ni mingi, andika mitano. Bandu bandu huisha gogo. Anayeanza na kurasa tano hafiki Ijumaa.

Pili, kifunge kiasi hicho kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Usiseme "nitaandika jioni". Jioni ni kubwa, ina mpira, ina kufua, ina soga. Sema: "Nikitoka kupiga mswaki asubuhi, kabla ya kwenda mistarini, naandika kitandani pangu." Hapo huhitaji kukumbuka. Mswaki utakukumbusha.

Tatu, weka daftari mahali ambapo mkono unalikuta. Daftari lililofungiwa sandukuni chini ya nguo ni daftari la marehemu. Na likizo mtakapokuwa na simu mikononi, iwekeni mbali kwa hiyo robo saa. Nayasema haya kama mtu mwenye simu.

Nne, usisome ulichoandika jana ukakichukia. Kuna siku ya kupalilia na siku ya kupanda. Mimi nilisahihisha mara moja kwa mwezi tu, Jumapili ya mwisho. Siku nyingine zote nilipanda.

Na la kuandika, kama hujui uandike nini, nitakupa. Nyumbani kwenu yuko mtu mmoja anayejua jambo ambalo hakuna mwingine analijua. Labda ni bibi anayekumbuka wakimbizi wa Msumbiji walivyovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi, kati ya mwaka 1964 na 1974. Labda ni babu aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, anayejua kaburi la mama yake liko katika pori gani. Labda ni mzee aliyepanda treni ya Mtwara na Nachingwea kabla reli ile haijang'olewa. Likizo ijayo muulize jambo moja. Moja tu. Andika mistari kumi. Kesho muulize jingine. Usimngojee awe na nafasi, wala wewe usingoje kuwa nayo.

Kwa wenzangu

Ndugu zangu wazee, sisi nasi tusijifiche nyuma ya watoto. Humu ndani wamo madaktari, walimu, madereva, masista, wanajeshi waliokwenda Uganda mwaka 1979, na watu waliouza korosho katika kila mpango uliowahi kubuniwa. Kila tukikutana tunasimuliana mpaka usiku, tunacheka, kisha tunaondoka na masimulizi yetu. Mwaka huu orodha ya waliotangulia iliyosomwa asubuhi ilikuwa ndefu kuliko ya mwaka jana. Mwaka ujao itakuwa ndefu zaidi, na mmojawapo atakuwa hapa ndani leo, labda ndiye anayezungumza.

Kwa hiyo nina pendekezo, Ndugu Mwenyekiti, na naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Chama kinunue daftari moja la jalada gumu kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na kila mzee aliyemo humu ajinunulie la kwake. Gari letu la kukodi linapita sokoni Masasi, hakuna atakayesema hakuona duka. Mwaka ujao gazeti letu litoe kurasa nne kwa ajili ya masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee. Fedha ya madaftari ya darasa moja nimekwisha kumpa Mweka Hazina.

Mtauliza kitabu changu kiliishaje. Niliandika mstari wa mwisho mwezi wa Oktoba mwaka 2011, chai ikiwa imepoa. Nilikipeleka kwenye duka la kuchapa kwa kompyuta, nikatoa nakala arobaini. Hakuna aliyenilipa, na kuna makosa ya herufi katika kila ukurasa. Mama mkubwa hakujua kusoma. Alikishika, akakigeuza, akaniambia nimsomee. Nilimsomea jioni sita. Mahali pawili aliniambia nimekosea, nikasahihisha kwa kalamu pembeni. Alifariki mwaka uliofuata.

Yapo majina ambayo sikuyapata, na sitayapata tena, maana mjomba aliondoka nayo. Katika kitabu nimeacha nafasi zake wazi, mistari mitupu, ili wajukuu waone palikuwa na kitu. Nakala moja nimempa leo Mkuu wa Shule kwa ajili ya maktaba. Ndani yake nimeweka lile daftari la mwaka 1986 lenye kurasa tatu. Naomba lisitolewe. Mwanafunzi akifika mwisho wa ukurasa wa tatu, aone sentensi ilipokatika.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi, na chakula kinapoa.